Kisanduku Kilichotangaza Harusi

Kama wiki iliyopita hukunisoma, usihangaike kutafuta gazeti lile. Huenda limeshafungiwa karanga. Nakupa yote kwa mkupuo mmoja.

Mume wangu alikwenda kwenye mnada wa hoteli iliyofilisika ili anunue pasi. Akarudi na televisheni kubwa kama mlango wa gereji. Tulipoitundika sebuleni ikameza dirisha zima. Halafu tukagundua ni ya zamani, haijui intaneti hata kwa kusikia, na king'amuzi chetu kilishakufa. Tukabaki na kioo cheusi ambacho kazi yake ilikuwa kutuonyesha sisi wenyewe, tumekaa kwenye kochi, tunajitazama.

Hapo ndipo nilipoishia. Sasa sikiliza kilichonipata, halafu useme mwenyewe kama mimi ndiye mwendawazimu.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, ambaye mchana napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno na jioni narudi kupokea ya nyumbani. Mume wangu. Na mama mkwe, aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa macho.

Upasuaji ule ulifanikiwa kupita kiasi. Alipofika alikuwa haoni hata kikombe kilicho mbele yake. Sasa anaona vumbi juu ya kabati la chumba kingine.

"Mwanangu," alimwambia mume wangu, "mmenitibu macho ili niangalie nini? Ukuta?"

"Nalifanyia kazi, Mama."

Niwaeleze maana ya maneno hayo. Mume wangu ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha magodoro. Kazi yake ni kulala juu ya godoro, kugeuka, na kutia shaka. Analipwa kwa kutia shaka. Mtu wa namna hiyo akikwambia analifanyia kazi jambo, tafuta mto ulale.

Kwanza alitazama video. Siku baada ya siku alitazama kwenye simu watu wasiomjua wakifungua maboksi ambayo hakuyanunua.

"Kuna vijiti na kuna visanduku," alinieleza tukiwa mezani. "Kijiti unakichomeka nyuma ya televisheni, kinajificha huko huko. Kisanduku kinakaa juu ya meza. Kina nguvu zaidi, na kina nafasi zaidi ya kuweka vitu."

"Basi tuchukue kisanduku."

"Lakini kijiti ni chepesi."

"Kwani tutakibeba kichwani?"

"Naongelea kanuni."

"Na mimi naongelea mama yako. Ameanza kunitazama mimi badala ya televisheni. Jana amenifuata jikoni akavuta kiti akakaa."

Akajibu kwamba uamuzi wa haraka huleta majuto, akarudi kwenye simu yake.

Aliyetuokoa, kama huko ni kuokolewa, ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Shemeji anauza matairi, lakini ukoo mzima unamwita Injinia, kwa sababu utotoni alilipiga kofi redio bovu likaongea. Tangu siku ile hakuna kifaa kinachoharibika katika ukoo ule bila yeye kuitwa kukimalizia.

Akaingia na kisanduku cheusi kisicho na jina, kimechomoza antena huku na huku kama mdudu aliyekufa chali.

"Kaka, unasumbuka bure. Hiki hapa. Chaneli za dunia nzima, na hulipi chochote mpaka unaingia kaburini."

"Ni cha kampuni gani?" mume wangu akauliza.

"Hayo mambo ya kampuni ndiyo yanayowafanya mlipie vitu."

Tukakichomeka, tukakiunganisha na simu yangu kama alivyoelekeza. Ikatokea mechi ya mpira katika lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mama mkwe akasogeza kiti mbele. Kabla mpira haujafika golini, picha ikaganda na maandishi yakajaa kwenye kioo. Nikasoma. Kilikuwa kinaomba ruhusa ya kuona namba zote za simu yangu, picha zangu, na mahali tunapoishi.

"Kinataka kujua ninapolala, ili nione mpira?"

"Bonyeza 'kubali' tu, shemeji. Kila mtu anabonyeza."

"Na wewe ulibonyeza?"

"Mimi sina cha kuficha."

"Ndiyo maana wiki nzima tunapata ujumbe kutoka kwako unatuuzia dawa ya upara!"

Mama mkwe akakigusa, akaondoa mkono haraka. "Hiki si cha kutazama. Hiki ni cha kukaushia nguo."

Harufu ya plastiki inayoungua ikatanda. Nikachomoa waya mwenyewe. Injinia akasema kimeshtushwa na umeme wetu, umeme wetu hauna adabu, akaondoka nacho kimefungwa ndani ya taulo langu.

Nikaona sasa imetosha. Kesho yake, nilipotoka kliniki, nikapitia dukani. Muuzaji alikuwa binti mwenye kucha ndefu, anatafuna na kunitazama kama vile nimekuja kumwombea msamaha mtu.

"Ipi nzuri kati ya hizi?" nikamuuliza.

"Hiyo uliyoshika, dada."

Nikaiweka, nikashika nyingine. "Na hii?"

"Hiyo ndiyo kiboko yao."

Nikashika boksi tupu lililokuwa chini. "Na hii?"

"Hiyo inatoka sana."

Nikaona bora nijishauri mwenyewe. Televisheni yetu, pamoja na uzee wake, ina tundu la HDMI la kuchomekea vifaa hivi. Hilo nililihakikisha kwa tochi. Waifai tunayo, inasuasua lakini ipo. Kilichobaki ni mama mkwe. Je, kifaa kina tamthilia anazozipenda? Je, ataweza kukiendesha bila kuniita nikiwa bafuni? Nikachagua kisanduku kidogo cha kampuni inayojulikana, chenye rimoti ya vitufe vikubwa.

"Hicho hata kusoma kinajua," binti akasema, na hilo ndilo neno la maana alilotamka siku ile. "Ukiwasha, kinasoma kwa sauti kila kitu kilichoandikwa kwenye kioo. Ni kwa ajili ya wenye macho mabovu."

"Nifungie hicho."

Wasomaji wangu, wengine huchimbiwa kaburi. Mimi nililinunua langu likiwa ndani ya boksi, na risiti nikapewa.

Mume wangu alipoliona akashika kiuno. "Umenunua bila kulinganisha?"

"Nimelinganisha na kukaa bila."

Kisanduku kikataka akaunti. Yangu nilishasahau neno la siri, nikijaribu inanijibu kama polisi. Ikabidi itumike ya mume wangu. Akaandika neno lake la siri huku ameifunika rimoti kwa shati, eti sisi tusione. Picha yake ikatokea kwenye kona ya juu: amelala juu ya godoro, ametoa dole gumba.

Jumapili mchana tukafanya uzinduzi. Injinia alikuja kukagua kazi ya wapinzani wake. Mama mkwe alikaa katikati ya kochi, amejipamba kuliko tukio lenyewe. Mume wangu akawasha, akawasha na ile sauti ya kusoma, eti Mama asichoshe macho yake mapya, kisha akasimama mbele yetu kama mgeni rasmi.

Sauti ikatoka. Sauti ya mwanamke, imenyooka, haina haraka, kama anayesoma matokeo ya mitihani.

"Karibu tena," ikasema. "Kwa sababu ulitazama: Ndoa ya pili, namna ya kuwaeleza watoto wako."

Nikadhani nimesikia vibaya.

Mume wangu akabonyeza ili apite haraka. Rimoti ile, kila ukisogea hatua, inasoma ulipofika.

"Harusi ndogo ya watu wachache. Makosa ya kuepuka."

Akabonyeza tena.

"Kupaka nywele rangi nyumbani ili kuficha mvi."

Tena.

"Kuanza maisha na mwenza mpya ukiwa mtu mzima. Sehemu ya kwanza mpaka ya sita. Umetazama zote."

"Zimeni hiyo!" mama mkwe akafoka. "Mashine inaropoka!"

Injinia alikuwa amesimama, macho yamemjaa machozi. "Kaka. Hata mimi hukuniambia?"

Mimi nilikuwa bado nimekaa. Nikatazama ile picha kwenye kona, mume wangu na dole gumba lake.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Nani nani?"

"Huyo mwenza mpya."

"Mimi sina mwenza mpya! Huyu wa zamani mwenyewe ananishinda!"

Alijua ameharibu kabla hajafunga mdomo. Nikanyanyuka, nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikampigia baba yangu.

Baba yangu ni fundi saa mstaafu. Mama yangu alishafariki, na tangu hapo baba anaishi peke yake upande wa pili wa mji, na saa zake zinazogonga kila moja kwa wakati wake. Ni mtu wa maneno machache. Nikilia, ni yeye tu ninayetaka anisikie.

"Baba, mume wangu anaoa mke wa pili."

"Nani kasema?"

"Televisheni."

Nikamweleza yote huku najifuta kamasi kwa kitambaa cha vyombo.

"Imesema harusi ndogo?" akauliza.

"Ya watu wachache!"

"Na kupaka nywele rangi?"

"Ndiyo, Baba! Yaani ameshafika kwenye nywele!"

Akakohoa kikohozi kirefu. "Mama mkwe wako yupo hapo? Anasemaje?"

"Mama mkwe ana nini, Baba? Anayeachwa ni mimi!"

"Usimguse mtu. Usitupe kitu. Nakuja."

Roho ikanirudia kidogo. Nikasema moyoni, leo mume wangu atanijua mimi ni mtoto wa nani.

Niliporudi sebuleni nilikuta mkaguzi wa ubora yuko kazini. Alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, jasho linamtiririka, anafungua kila kilichofungika.

"Njoo uone!" akaniita. "Video hizi zote zimetazamwa asubuhi, siku za kazi. Saa hizo mimi niko kiwandani, niko juu ya godoro!"

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

"Na angalia hapa! Inaonyesha zimetazamwa kwa simu gani. Si hii yangu. Ni ile yangu ya zamani, yenye ufa. Ile niliyom—"

Akaiachia rimoti.

Ile simu yenye ufa alimpa mama yake siku alipofika, na kwa haraka zake hakuitoa akaunti yake ndani. Sote tukageuka.

Mama mkwe alikuwa anarekebisha kitambaa chake kichwani. Kilikuwa kimeteleza. Ndipo nikaona zile mvi za kando ya masikio hazipo. Nywele zilikuwa nyeusi tii. Mimi ninayetazama vinywa vya watu kutwa nzima sikuwa nimetazama kichwa cha mtu ninayeishi naye.

"Mama," mume wangu akasema kwa upole, "kuna rafiki yako aliyeazima hiyo simu?"

"Sina rafiki aliyeazima simu."

"Basi labda ulibonyeza kwa bahati mbaya."

"Sehemu zote sita?" mama mkwe akamjibu. "Naolewa, mwanangu."

Injinia akakaa chini. Si kwenye kiti. Chini.

"Baba yenu namlilia mpaka leo," mama mkwe akasema. "Lakini alipozikwa yeye, mimi sikuzikwa. Nyinyi mnatoka asubuhi, mnarudi jioni mmechoka, mnaniuliza, 'Mama umekula?' Nimekula. Kila siku nimekula. Nataka mtu wa kuniuliza swali jingine."

Aibu ilinishika, sitaficha. Nilimtuhumu mwanaume asiye na kosa mbele ya ndugu yake. Na mwanamke huyu nilikuwa nimemwona kama mzigo uliokaa kwenye kochi langu, kumbe ana moyo unaodunda kuliko wangu.

Lakini hii ni safu ya ukweli, kwa hiyo nitasema na lile lililofuata. Chini ya ile aibu kulikuwa na furaha. Nikafikiri: akiolewa, anahama. Anahamia kwa mumewe. Jikoni kwangu kile kiti kinabaki kitupu.

Nikamrukia, nikamkumbatia mpaka kitambaa kikaanguka.

"Hongera, Mama! Hongera sana! Harusi hii nitaisimamia mimi mwenyewe. Na atakayepinga, awe nani, atapambana na mimi!"

"Awe nani?" mama mkwe akauliza, amenishika mikono yote miwili.

"Awe nani!"

Mume wangu hakuwa na shangwe. "Huyo mzee ni nani?"

"Mtu mzima. Mgane. Ana adabu zake. Nilipokuwa nimefungwa macho, alikuwa anakuja kunijulia hali mchana, ananisomea gazeti. Nilizoea sauti yake kabla sijaiona sura."

"Mwanaume anaingia nyumbani kwangu mchana na mimi sijui?"

"Ungejua, ungelifanyia kazi."

Nikacheka. Mungu nisamehe, nilicheka peke yangu sebule nzima. Na bado nilikuwa nacheka mlango ulipogongwa.

"Huyo ni baba yangu," nikasema. "Nilimwita. Ngoja nimweleze kwamba yameisha, mume wangu ni mzima, hana mke wala hana mpango."

Nikafungua.

Baba alikuwa amevaa suti. Suti ile mara ya mwisho niliiona siku ya harusi yangu. Viatu vinang'aa. Na kichwa chake, ambacho kimekuwa cheupe tangu tumzike mama, kilikuwa cheusi kama vile viatu.

"Baba," nikasema, "nywele zako."

"Hamjambo nyote," baba akasema.

Akapita mbele yangu. Akapita mbele ya mume wangu, akamshika bega kidogo, kama mtu anayetoa pole msibani. Akamruka Injinia aliyekuwa bado sakafuni. Akaenda akakaa kwenye kochi, pembeni ya mama mkwe, na mama mkwe akamsogezea mto wa mgongoni bila hata kumtazama. Mto wa kushoto. Alijua ni upande upi unaomuuma.

"Baba," nikasema, "mimi niko huku."

"Nakuona, mwanangu."

Kisha mume wangu akaanza kuhesabu ukoo kwa vidole. "Kwa hiyo baba mkwe anakuwa baba yangu wa kambo. Na mke wangu, ambaye ni mtoto wa baba yangu wa kambo, anakuwa..."

"Dada yako," Injinia akamsaidia.

"Nyamaza!"

Sijawahi kumwona mume wangu akiamua jambo bila kulilalia. Siku ile alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akaufungua wote.

"Baba, nakuheshimu kama unavyojua. Lakini naomba utoke nyumbani kwangu."

"Akitoka yeye, na mimi natoka," mama mkwe akasema. "Lakini sioni kwa nini tutoke. Mke wako ameshasema harusi ataisimamia yeye, na atakayepinga atapambana naye. Au nilisikia vibaya? Yaliyokuwa mabovu ni macho, masikio yangu hayajawahi kuumwa."

Macho yote yakaja kwangu.

Mama mkwe nilikuwa nimejifunza kumvumilia. Mama wa kambo sikuwa nimemfanyia mazoezi. Nikamtazama baba, na nikaona anahangaika kufungua kifungo cha koti. Mikono iliyofungua saa ndogo kama punje maisha yake yote bila kudondosha hata skrubu, ilikuwa inashindwa na kifungo kimoja.

"Nilitaka kukuuliza wewe kwanza," akasema. "Kabla ya mtu yeyote. Ile mashine imeniwahi."

Akatia mkono kwenye mfuko wa koti. Niliijua kabla hajafungua kiganja. Pete nyembamba, imelika upande mmoja kwa kufua na kuosha vyombo. Mara ya mwisho kuiona, muuguzi alikuwa anaivua kidoleni mwa mama.

"Nilikuwa nafikiria nimvishe hii," baba akasema. "Ukisema hapana, naondoka na yeye anabaki, na hatutalizungumza tena."

Mume wangu bado alikuwa ameshika mlango. Nikatembea mpaka kwenye kochi. Nikanyoosha mkono, baba akaniwekea pete kiganjani, taratibu, kama mtu anayekabidhi kitu kinachoweza kumwagika.

Nikaivaa mwenyewe.

Ikanienea sawasawa. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Baba aliinamisha kichwa. Mama mkwe akaitazama ile pete kwenye kidole changu kwa yale macho yake mapya, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akainuka, akamwambia baba, "Twende," akaanza kutafuta viatu vyake.